Skrini ya Volti Tatu

Kwa siku ya tatu mfululizo, ile skrini ndogo ilisema chumba kina nyuzi joto kumi na moja, na nje jua la saa nane mchana lilikuwa linapasua utosi.

Mwalimu mstaafu aliitengeneza mwenyewe, ipime joto la chumba cha mjukuu wake, mtoto mchanga wa siku arobaini na tatu. Skrini ilitaka volti tano. Yeye alikuwa na betri mbili tu, volti tatu. Maandishi yakawa hafifu kama mvuke kwenye kioo. Mzee akaunga vikorokoro vya kushusha chini ya sifuri volti ya waya unaokoza maandishi, na herufi zikatokea, nyeusi tii.

"Baba, hicho kidude chako kinaumwa malaria," binti yake alitania.

"Kidude kizima. Wewe ndiye umeacha dirisha wazi."

Dirisha lilikuwa limefungwa. Mzee akaweka kiganja juu ya kitanda cha mtoto, akakiondoa upesi. Baridi kali. Na harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

Ndipo mstari wa pili wa skrini, ambao hakuwahi kuuandikia chochote, ukajaa herufi moja moja: NI WANGU.

"Baba," binti akanong'ona, "umeandika wewe?"

"Sijagusa, mwanangu."

Akang'oa betri zote mbili. Herufi zikabaki. Akachukua mita ya kupimia umeme, akagusisha ncha zake kwenye nyaya, ikasoma sifuri, akarudia, sifuri tena, na hapo wote wawili wakasikia, upande wa pili wa kitanda pasipo na mtu, sauti ya mwanamke akibembeleza taratibu, bila maneno, na kigodoro kikabonyea kana kwamba mtu ameegemeza kiwiko, na mtoto, aliyekuwa akilia tangu asubuhi, akanyamaza ghafla, akatabasamu.

Mama yake akamnyakua, wakatoka mbio pekupeku.

Jioni ile aliitwa mganga, mama mnene asiye na haraka. Alifukiza na kukemea mpaka baridi ikakatika.

"Ameondoka," alisema. "Jini huyu hana mtoto, anatafuta wa kulea. Kwa siku saba, msimwondolee macho mtoto."

"Hata kwenda kuoga?" binti akauliza.

"Hata kupiga chafya."

Mzee aliiponda skrini kwa nyundo. Baba na binti wakapokezana kukesha, macho yakawavimba. Siku ya saba, asubuhi kweupe, binti aligeuka kuchukua nepi. Kugeuka tu.

Aliporudisha macho, mtoto alikuwa hewani, shubiri moja juu ya shuka, kichwa kimeegemea kitu kisichoonekana, koo likipanda na kushuka. Alikuwa ananyonya.

Binti hakupiga kelele. Aliogopa kumshtua aliyempakata.