Raundi ya Pili Ulikuwa Unaangalia Wapi?

"Toka nje, Colm. Hajamaliza."

Orlaith alisema hivyo bila kugeuza kichwa. Asingeweza kukigeuza hata angetaka. Alikuwa amekaa sakafuni kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na nyuma yake, kwenye benchi, kocha wake Fintan alikuwa amembana mabega kwa magoti, vidole vyote vimezama kwenye nywele za mchumba wangu. Anamsuka mistari.

"Si Ciara ndiye anayekusuka siku zote?" niliuliza.

"Mtoto wa Ciara ana homa, hajatoka Galway. Na mimi siwezi kuingia kizimbani nywele zimeniziba macho."

"Kwa hiyo Dublin nzima ukakosa mwingine?"

"Kaka, mimi nina mabinti watatu," Fintan alidakia, kitana kikiwa mdomoni. "Kila asubuhi ya shule nasuka vichwa vitatu. Hiki cha nne ndicho kitakachonishinda?"

Wakacheka wote wawili. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Mimi nilikuwa mwandishi wa mapambano. Kila onyesho la MMA, ngumi na mateke na mieleka pamoja, likipigwa Dublin, mimi nipo meza ya mbele kabisa na kadi yangu ya alama, na kesho yake watu wanagombana kwenye simu zao kwa sababu ya nilichoandika. Miaka tisa hiyo. Kitu ambacho wasomaji hawakukijua ni kwamba nilikuwa nimemchumbia Orlaith Brannigan. Niliificha, kwa sababu wangejua wangesema nambeba. Pete yenyewe ilikuwa nyumbani kwa mama yake, Bernie, ndani ya kopo la biskuti analowekea sindano na nyuzi. Orlaith alisema hatavaa kitu kidoleni mpaka pambano hili lipite. Jumapili mchana, kwenye chakula kwa Bernie, ndipo ningemvisha. Ilibaki siku moja tu.

"Colm, leo usikae meza ya waandishi," alisema. "Mama amekushikia kiti kule juu."

"Ile ni kazi yangu, Orlaith."

"Wako wengine wa kuandika. Nikiinua macho nikakuona na kalamu, najiona niko kwenye mtihani. Leo nataka mtu wa kunishangilia. Sitaki wa kunipima."

"Msikilize mwenzako," Fintan akasema taratibu, akivuta msuko.

Hapo ndipo damu iliponichemka. Mwenzangu, halafu yeye ndiye wa kunifundisha jinsi ya kumsikiliza?

"Nadhani naongea na mchumba wangu," nilimwambia.

"Na mimi nasuka. Nikimaliza namfunga mikono kwa utepe, na afisa wa mchezo anakuja kuikagua. Toka, kaka, utatuchelewesha."

Nilitoka. Moja kwa moja mpaka meza ya waandishi, nikachomoa kalamu. Hanitaki karibu na kona yake, nilijiambia. Ananitupa kule juu nisione kitu.

Simu ikatetemeka, meseji. Bernie.

"Mwanangu, kiti chako kitupu. Nimekiwekea koti langu, kuna jamaa anakimezea mate."

Niliigeuza simu kifudifudi.

Orlaith aliingia ukumbi mzima umesimama. Mpinzani wake, Jagoda Wilk, alikuwa msichana wa Kipolandi anayeishi Cork, bega pana, ngumi nzito. Nitasema kweli, raundi ya kwanza niliitazama kama inavyopaswa. Orlaith alimchapa mateke ya paja mpaka yule binti akaanza kuchechemea. Nikaandika kwenye kadi: Orlaith kumi, Jagoda tisa. Ndivyo tunavyohesabu, mshindi wa raundi anapata kumi, mwenzake tisa.

Kengele ikalia. Fintan akaingia na kiti, akapiga goti mbele yake, akamshika uso kwa mikono yote miwili. Si kumpaka mafuta. Si kumfuta damu. Alimshika mashavu, akamvuta mpaka paji la uso likagusa paji la uso, akamnong'oneza. Orlaith akatikisa kichwa. Akanong'ona tena. Orlaith akatabasamu.

Kwenye pambano! Kinga ya meno mdomoni, jasho linachuruzika, na bado anatabasamu. Mimi mara ya mwisho kunitabasamia vile ilikuwa lini?

Raundi ya pili ikaanza, na mimi macho yangu yalibaki kwenye kona. Fintan alikuwa ameshika wavu kwa mikono ileile. Nilimwona anavyopiga kelele, anavyoruka, anavyojishika kichwa. Nilisikia ukumbi ukilipuka mara kadhaa. Nikigeuka, naona watu wawili wamelaliana sakafuni, na Jagoda ana nguvu, basi nikajua mambo yanamwendea vizuri Jagoda. Nikaandika: Jagoda kumi, Orlaith tisa.

Mzee mmoja wa redio aliyekaa pembeni yangu alichungulia kadi.

"Colm, hiyo raundi umempa nani?"

"Jagoda."

Akanitazama, akatazama kizimba, akanitazama tena.

"Haya," akasema.

Raundi ya tatu Jagoda alishinda waziwazi. Majaji wawili kati ya watatu wakampa Orlaith ushindi, ishirini na tisa kwa ishirini na nane. Akaruka. Na mtu wa kwanza aliyemkumbatia, mnadhani ni nani?

Niliandika uchambuzi wangu palepale mezani, na wivu ndio ulioshika kalamu. Niliandika: "Brannigan amepewa zawadi na majaji. Raundi ya pili alitawaliwa mwanzo mpaka mwisho. Mpiganaji anayetabasamu kwenye kona badala ya kusikiliza hajakomaa." Nikatuma. Nikaenda kununua chipsi, nikazimwagia siki mpaka zikalowa, na hata hazikulika.

Simu ikaita.

"Nimesoma," alisema Orlaith. Hakukuwa na salamu.

"Orlaith, mimi naandika ninachokiona."

"Sawa. Niambie ulichokiona. Raundi ya pili nilimpiga Jagoda mtama mara ngapi?"

"Mara... moja?"

"Mara tatu. Na kabali je? Niliikaza muda gani?"

Kabali gani tena?

"Nusu dakika nzima, Colm! Ukumbi mzima ulisimama! Bibi wa watu anayeuza vinywaji aliiona! Wewe ulikuwa umbali wa hatua tatu. Raundi ya pili ulikuwa unaangalia wapi?"

Ningeweza kudanganya. Sijui kwa nini sikudanganya.

"Nilikuwa naangalia mikono ya Fintan."

Kwa nyuma kulikuwa na watu wanaimba jina lake.

"Nimefanya mazoezi wiki kumi," alisema polepole. "Nimejinyima chakula, nimepigwa mpaka jicho limefunga. Na mtu ninayetaka kuolewa naye hakuangalia."

Akakata. Baada ya dakika chache ikaja meseji: "Kesho usije kwa mama."

Jumapili asubuhi nilikuwa bado kitandani na nguo za jana. Simu ikaita, nikaidaka nikidhani ni yeye. Ni Bernie.

"Umeangalia marudio?" aliuliza.

"Bernie, sina hamu ya..."

"Sikukuuliza hamu. Mimi nimeyaangalia mara mbili na spika za masikioni, maana jirani ananinunia nikifungua sauti. Kona ina maikrofoni, mwanangu. Nenda pale kabla ya raundi ya pili. Ongeza sauti. Halafu ujione ulivyo mjinga."

Nikafungua. Fintan anapiga goti. Sauti yake ikaja ya kukwaruza, lakini kila neno lilisikika.

"Nitazame mimi. Orlaith! Mimi hapa. Achana naye."

"Amenuna, Fintan. Kainamisha kichwa. Nimekosea nini?"

"Hujakosea kitu. Raundi ni yako."

"Mbona ananuna sasa?"

Ndipo mikono ikamshika mashavu, ikamgeuza uso. Kutoka kwangu. Kumbe alikuwa ananitafuta mimi pale mezani, na kocha wake anapigana na shingo yake ili atazame mbele, asije akaingia kupigwa huku ananiwaza.

"Sikiliza," alimnong'oneza. "Shinda hii, kesho avae suti akuvishe hiyo pete. Nitamfunga tai mimi mwenyewe."

Na hapo ndipo alipotabasamu.

Nikaangalia raundi ya pili yote. Mtama wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Kabali, Jagoda uso umeiva, refa ameinama karibu kabisa. Raundi safi kuliko zote alizowahi kupigana, na mimi nilikuwepo na sikuiona. Nililia, sioni aibu kusema.

Kisha nikakaa nikaandika kitu ambacho sikuwahi kukiandika kwa miaka tisa.

"Jana nilikosea. Raundi ya pili ilikuwa ya Orlaith Brannigan, kumi kwa tisa, na hakuna ubishi. Sikuitazama. Nilikuwa namtazama kocha wake kwa wivu, kwa sababu Orlaith ni mchumba wangu, jambo ambalo nilipaswa kuwaambia kabla sijaandika neno moja kumhusu. Kosa ni langu peke yangu. Kuanzia leo sitaandika tena pambano lake lolote."

Nikatuma. Maoni yakaanza kumiminika. "Kumbe jamaa alienda harusini, si kwenye pambano." "Mpeni miwani." Mwingine aliandika tu, "Kumi kwa tano, Fintan." Waliniweza siku hiyo.

Nikavaa suti nikaenda kwa Bernie. Aliyefungua mlango ni Fintan, taulo la vyombo begani.

"Tai yako imekaa vibaya," alisema.

"Fintan, mimi..."

"Nimesoma. Ingia, viazi vinapoa."

Nyumba ilinukia nyama ya ng'ombe ya kuoka. Mke wa Fintan alikuwa anamwaga mchuzi, mabinti watatu wanasukumana mezani, vichwa vyao vyote vimesukwa sawasawa. Orlaith alikuwa kwenye kochi, pakiti ya njegere zilizogandishwa juu ya jicho.

"Nilikwambia usije," alisema.

"Najua."

"Suti ya nini sasa?"

"Sijui. Niliishaipiga pasi tangu Ijumaa."

Bernie akakohoa jikoni. Nadhani alikuwa anacheka.

Nikapiga goti pale kwenye zulia. Orlaith akainua pakiti ya njegere anione vizuri.

"Usije ukaanza mambo ya pete," alinionya.

"Sianzi. Nataka tu kukwambia nimeiangalia. Mtama wa pili, ule wa kumzungusha kwanza, sijawahi kuuona kwa mtu mwingine."

Akaiweka ile pakiti mapajani.

"Nilikuwa nimeuandaa kwa ajili yako," alisema. "Wiki sita. Nilijua utauandika."

Ngumi za Jagoda zisingeniuma kiasi kile.

"Pete itabaki kwenye kopo," aliendelea. "Februari napigana tena. Utakaa na mama. Bila kalamu. Hapo ndipo nitajua."

"Sawa."

"Na Ciara hawezi kuja, atakuwa anajifungua. Utanisuka wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Unaona sana mikono ya watu, sasa tuione ya kwako."

Nawaambieni, miezi minne nilienda nyumbani kwa Fintan kila Alhamisi, nikakaa nyuma ya binti yake mdogo na kitana. Mtoto hana huruma. "Baba, ananivuta! Baba, amepindisha tena!" Fintan alisimama juu yangu akinielekeza kidole kwa kidole, na siku niliyomaliza msuko wa kwanza ulionyooka, alinipiga mgongoni karibu niteme meno.

Februari Orlaith aliingia kizimbani na misuko yangu. Mmoja ulikuwa umepinda, ukumbi mzima ukauona kwenye skrini kubwa, na Bernie akanifinya paja kwa furaha. Sikuwa na kadi. Sikuwa na kalamu. Raundi ya kwanza ilipoisha, nilimwona amekaa kwenye kiti anageuza kichwa kututafuta kule juu. Nikasimama kwenye kiti nikapunga koti la Bernie. Akaniona. Fintan akamshika mashavu akamgeuza, na mimi nikapiga kelele, "Mgeuze, Fintan! Mgeuze!" mpaka waliokaa mbele yetu wakanitazama mara mbili.

Alishindwa. Majaji wote watatu.

Alitupandia jukwaani uso umevimba, taulo shingoni, akapita watu wote akaja kusimama mbele yangu.

"Ulinipa raundi ngapi?" aliuliza.

"Zote tatu."

"Mwongo. Nimepoteza mbili. Wewe mwenyewe unajua."

"Sijui. Sikuwa naangalia pambano."

"Sasa ulikuwa unaangalia wapi?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe."

Akaanza kucheka, akalia, mdomo uliopasuka ukamuuma akalaani. Bernie alikuwa tayari ameshafungua mkoba. Kopo la biskuti lilikuwa ndani, alilibeba zima zima. Akapekua nyuzi, akanipa pete.

Pete ikagoma. Kidole kilikuwa kimevimba, ikafika kwenye kifundo ikasimama.

"Tutasubiri uvimbe ushuke," nilisema.

"Nimesubiri vya kutosha," alijibu Orlaith. "Fintan! Njoo na utepe wako!"

Fintan akaja na mkasi na utepe mweupe anaofungia mikono, akapiga goti, akaizungushia pete ile pale ilipokwama, taratibu, asimuumize. Niliitazama mikono yake mpaka mwisho. Alipofika mwisho akainua kichwa.

"Kaka, nikatie," alisema.

Nikachukua mkasi nikakata.