Nyuki wa Amos Raine

Amos Raine alikufa asubuhi, kitandani mwake, chai yake akiwa ameimaliza. Kule kwenye bonde la Teesdale mtu akifa hivyo watu husema Mungu kamhurumia. Mkewe, Isabel, alisimamisha saa ya ukutani, akafunika kioo, kisha akamkabidhi binti yao ufunguo wa mlango mkubwa.

"Dinah, nenda kawaambie nyuki."

Ndivyo wanavyofanya bonde zima. Mwenye mizinga akifa, mtu wa nyumbani hugonga kila mzinga kwa ufunguo, akawaambia nyuki kwamba bwana wao hayupo na sasa watakuwa na nani. Wasipoambiwa huhama. Wazee huongeza jambo jingine, nao hulisema kwa sauti ya chini: nyuki ndio wanaompelekea marehemu habari za kifo chake.

Dinah alikuwa mwalimu mjini Darlington. Huko walimcheka kwa namna alivyoongea, naye akayafuta maneno ya kwao mdomoni, moja baada ya jingine, mpaka hata nyumbani akawa anaongea kama kitabu. Baba yake alimtania hadi siku za mwisho. "Bi Mkubwa wa mjini amefika. Mpeni kiti chenye mto." Dinah hakucheka kamwe. Baadaye alilia sana kwa hilo, na Mungu anajua.

Basi alisimama mbele ya mizinga, akagonga, akasema kama anavyosoma Maandiko kanisani: "Tunasikitika kuwaarifu kwamba baba yetu mpendwa ameaga dunia."

Nyuki waliendelea kunguruma, kama watu waliopitwa na mgeni njiani.

Walimzika Amos vizuri, watu wakala nyama na keki, wakaenda zao. Kesho yake mama aliandaa meza, akaweka na sahani ya mumewe. Dinah aliona ni majonzi tu, akamimina chai.

"Baba yako anasema chai imepoa," mama alisema.

Dinah akamshika mkono ili amtulize. Mkono ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Mchana nyuki waliingia ndani. Hawakumgusa mtu. Walitua kwenye kiti cha Amos kando ya moto, wakakifunika chote, mgongo na mikono. Sehemu moja tu waliiacha wazi. Ilikuwa na umbo la mtu aliyeketi.

Jirani yao, Ruth Tallentire, alikuja na mkate wa shayiri. Akaona kile kiti. Hakuvuka kizingiti.

"Dinah. Njoo hapa, mwanangu," alinong'ona. "Nyuki uliwaambia?"

"Niliwaambia, Shangazi."

"Ukasemaje?"

Dinah akayarudia maneno yale yale. Ruth akaweka mkate chini.

"Na nyumba hii ni nani aliyewahi kusema hivyo? Umewasomea tangazo, binti. Hawajasikia kitu. Na kama wao hawajasikia, Amos naye hajui."

"Shangazi, wale ni wadudu."

"Haya, ni wadudu. Mwangalie mama yako sasa."

Mama alikuwa amesimama. Alikuwa anajifunga shali yake ya kutokea.

"Naenda na Amos," alisema, midomo imekuwa ya bluu. "Anataka nimsindikize kule juu kwa kondoo. Mbali kidogo."

Dinah akakimbilia mizinga. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani. Akagonga. Akafungua mdomo. Neno halikuja. Alikuwa ameyafuta maneno ya kwao vizuri mno.

Nyuma yake mlango ukafunguka.

Hatua za mama. Na nyingine, nzito, za viatu vya shambani.

Hakugeuka. Akagonga tena. Zile hatua zikakaribia. Akaomba kimoyomoyo, Bwana nirudishie, nirudishie tu. Hatua zikampita, zikielekea mlimani. Majani yalilala chini ya viatu ambavyo hakuviona.

"Mzee kafa," alisema. Sauti ilikuwa ya jikoni, ya utotoni, imejaa kamasi. "Jamani, mzee kafa. Hayupo. Mmebaki na mie na mama. Tulieni basi."

Mizinga yote ikanyamaza kwa pamoja.

Hatua zikakoma. Mama alikuwa amesimama peke yake kwenye majani, bega moja limeinama, kama bega la mtu anayeegemewa. Kisha bega likainuka.

"Kumbe hakujua," alinong'ona. "Maskini. Ameshtuka sana."

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Shali ile Dinah aliniletea mimi, mwalimu mwenzake wa mjini, akasema hawezi kukaa nayo. Begani ina alama ya kiganja cha mwanamume, vidole vyote, kwa asali. Nimeifua kwa maji ya moto, nimeifua kwa magadi. Kila maua ya milimani yanapochanua, alama inalowa upya. Mimi ni mtu wa kanisa, sitaficha: mwaka huu niliionja. Ilikuwa na uvuguvugu.

Naomba mmoja wenu aichukue.