Mgongo wa Kaka

Rafiki yangu, fundi mwenye maneno mengi kuliko spana, alimpokonya shemeji yake mjane gari la kulala, lenye jiko na bafu.

"Chukua, shemeji," mjane alisema. "Ila kaka yako alifia bafuni humo. Hajamaliza kuoga."

"Nitamsugua mgongo!" akacheka.

Akafunga pampu mpya ya maji, ya kunguruma pale tu bomba linapofunguliwa. Mabomba yote yalikuwa yamefungwa, nayo ikanguruma. Akatafuta panapovuja, hakupaona. Akazima umeme, giza likatanda, akaing'oa.

Ikanguruma mikononi mwake. Akaiangusha.

Bafuni maji yakaanza kumwagika, pamoja na mluzi wa kaka yake. Mlango wa gari ukajikomea. Wa bafu ukafunguka, na mgongo wenye povu ukaja gizani, ukajiegemeza kwenye kiganja chake.