Aliyekwisha Kuagwa

Jumamosi ile soko la Tukuyu lilikuwa limefurika. Manyunyu yalianguka, yale ya huku kwetu yasiyomfukuza mtu, na matope hayakuchagua kiatu. Winfrida alijitanda kanga mpaka puani, mkungu wa ndizi kichwani, akipita pembeni mwa mafungu ya viazi huku akimwomba Mungu asikutane na mtu anayemjua. Akakwepa toroli la kabichi, akamkanyaga mtu mguu.

"Samahani kaka," alisema bila kuinua uso.

Winfrida aliona buti la mpira la kijani lenye kiraka chekundu kisiginoni. Kiraka hicho alikibandika yeye mwenyewe.

"Kumbe na Ujerumani kuna matope," Jotham alisema.

Mambo yalikuwa hivi. Winfrida, mwalimu wa chekechea pale Ibighi, aliomba kwenda Ujerumani kujitolea mwaka mmoja katika nyumba ya kulea wazee. Usaili wa kwanza akapita, akaitwa Dar kwa hatua ya mwisho. Sasa sisi watu wa Rungwe hatungoji viza. Mtu akiitwa Dar, kwetu ameshafika. Kwaya ya akina mama ilishona vitenge vya sare, vya bluu vyenye maua ya njano, wakamwimbia, wakamwombea, wakamsindikiza hadi stendi. Jotham, mchumba wake mwenye kitalu cha miche ya parachichi, alibeba begi na kulia mbele za watu.

Dar wakamwambia: tunasikitika kukufahamisha kwamba hukuchaguliwa, waombaji walikuwa wengi.

Angerudije? Walishamuaga. Basi lilipoingia Tukuyu alijifunika, akashuka na kupanda bodaboda moja kwa moja mpaka Masukulu, kwa mama mkubwa aliyemlea. Akazima simu. Kilichomtisha kuliko kicheko cha watu ni Jotham. Kijana wa watu alikuwa ameshatangaza kitaluni kwamba mchumba wake anakwenda Ulaya. Sasa awapelekee nani? Msichana wa Masukulu mwenye matope miguuni?

Leo magoti ya mama mkubwa yalikataa safari ya soko, akamtuma yeye.

Alimweleza Jotham yote pale pale, kwa sauti ndogo, watu wakiwapita. Jotham alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

"Mwezi mzima namwomba Mungu akulinde na baridi," alisema. "Nawe uko Masukulu."

"Niliona aibu, Jotham."

"Walikukataa wao, Wini. Adhabu nikapewa mimi."

Akamtua mkungu, akauweka begani mwake, akaupeleka kwa mama mmoja mnunuzi, kisha akaondoka. Winfrida alikitazama kile kiraka chekundu mpaka kikapotelea kwenye umati.

Jioni, moshi wa jikoni ukiwa bado machoni, aliwasha simu. Ujumbe ukaanza kumiminika, sauti ya Jotham moja baada ya nyingine. Leo mvua imeharibu barabara ya Kyimo. Mama anakusalimia. Vaa soksi. Halafu hii: "Ile miche tuliyobebesha pamoja, vikonyo vyako vingi ulivyounganisha kwenye mashina havikushika. Mikono yako ya kufundishia watoto tu. Nimevikata, nimebebesha vingine kwenye mashina yale yale." Na ya mwisho: "Wini, tiki bado ni moja, ujumbe haukufikii. Kama huko hawakutendei vizuri, rudi tu. Usingoje mwaka uishe."

Hakuna hata mahali pamoja alipojivunia Ulaya. Winfrida alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akapiga.

"Namba ya Ujerumani hiyo?" Jotham aliuliza.

"Ya Masukulu. Usinicheke."

"Sicheki. Nimekasirika, ila nakasirika polepole maana mama amelala."

"Nilidhani unampenda yule wa kwenda Ulaya."

Jotham alishusha sauti: "Kabla hujajua kama kuna kujitolea duniani, ulinizibia buti langu kwa mpira wa baiskeli ya mjomba wako. Nilianzia hapo, mpenzi. Ulaya ilinikuta njiani."

Winfrida akairudisha ncha ya kanga machoni.

"Kesho Jumapili," Jotham aliendelea. "Vaa kile kitenge, uje kanisani. Walikuaga kwa wimbo, huwezi kurudi kama mwizi."

"Watanicheka."

"Watakucheka, ndiyo. Nitakaa karibu na mlango. Ukikimbia, tunakimbia wote."

Kesho yake, wakati wa matangazo, Winfrida alisimama katika bluu yake yenye maua ya njano. Alisema kwamba hakwenda. Alikataliwa, akajificha, na anaomba radhi kwa maombi yao aliyoyaacha yakielea njiani. Mtoto mmoja akakohoa. Kisha Mama Elina, kiongozi wa kwaya, aliinuka na mwili wake mzima.

"Mwanangu, sisi tuliomba uende na urudi salama," alisema. "Kwenda hukwenda. Lakini kurudi si umerudi?"

Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Kwaya ikampokea. Mama mkubwa, aliyefika kwa bodaboda na magoti yake, akawa anasema tu, "Ndaga fijo, asanteni sana."

Nje manyunyu yalikuwa yale yale. Winfrida na Jotham walisimama chini ya bati la baraza.

"Mwakani naomba tena," Winfrida alisema.

"Omba. Begi nitabeba. Ila wakikukataa, niwe wa kwanza kujua." Jotham alijikohoza. "Na mimi nina nafasi ya kujitolea. Si ya mwaka mmoja."

"Kazi gani?"

"Kuishi na mimi. Na mama. Na miche. Tafadhali nijibu kwa mdomo, usinitumie baruapepe."

Winfrida alikunja uso, akaitoa ile sauti ya ofisini. "Ndugu mwombaji, tunasikitika kukufahamisha…"

Jotham alinywea kama kikonyo kilichokosa maji. Winfrida akamwacha hivyo kidogo, kwa raha zake.

"…kwamba mama mkubwa hapokei mbuzi. Ni ng'ombe tu."

Jotham alicheka hadi akashika nguzo. Hatua chache pembeni, Mama Elina, aliyejifanya anahangaika na mwavuli, aliutupa mwavuli na kuanzisha wimbo wa harusi. Hakungoja hata hao ng'ombe.