Mazoezi ya Mazishi

Mniwie radhi, habari hii siipambi. Aliyefikwa nayo ni mdogo wangu wa tumbo moja. Mimi ni msusi, kazi yangu ni kusuka nywele na kusikiliza uongo wa watu kutwa nzima, kwa hiyo uongo naujua. Huu si uongo.

Nyumbani tulimwita Padri tangu utotoni, alivyokuwa akiwahubiria kuku. Alipochukuliwa chuo cha uchungaji cha Kianglikana, mama alilia kwa furaha hadi kamasi zikamtoka. Maisha ya huko hayakuwa ya ajabu. Kengele alfajiri, sala, kufagia bweni, Kigiriki mpaka kichwa kinauma, jioni kumwagilia mboga. Ilibaki miezi michache askofu amwekee mikono kichwani awe shemasi. Mama alikuwa akiishi kwa ajili ya siku hiyo tu.

Sasa, huko hufundishwa kubatiza kwa mwanasesere, kufungisha ndoa kwa kuigiza, na kuzika. Siku ya kuzika benchi huwekwa mbele, mmoja hulala juu yake kama maiti, mwenzake husoma ibada. Sharti ni moja: panapotakiwa jina la marehemu, unasema "fulani". Asubuhi ile alijilaza mdogo wangu, kwa kuwa alikuwa hoi na zamu ya jikoni. Msomaji alikuwa rafiki yake wa chumba kimoja, waliyemwita Besi kwa ile sauti yake nzito. Besi alinogewa. Alisoma yote hadi maneno ya kumkabidhi marehemu ardhini, na akataja jina la mdogo wangu, pamoja na la baba yetu. Wenzake wakacheka. Mwalimu wa ibada naye akacheka, akampa maksi za juu. Hilo ndilo linalonikaba mpaka leo.

Mdogo wangu aliinuka akijipangusa. Akatania, "Jamani, ndiyo mmenizika hata chai sijanywa?" Hakuna aliyemjibu isipokuwa Besi.

Wiki chache baadaye nilikwenda kumtembelea, mchana wa jua kali, nimembebea sabuni na viatu. Alinipokea getini, amekonda. Mlinzi akaniuliza, "Unamtafuta nani, dada?" Nikacheka, nikamwonyesha mtu aliyenishika mkono. Mlinzi aliutazama mkono wangu, kisha akanitazama mimi kwa huruma.

Bwaloni nikapanga naye mstari. Mpishi alimpakulia Besi, akampakulia wa nyuma yetu. Sahani ya mdogo wangu ilibaki hewani.

"Mama, hujampa huyu," nikamwambia mpishi.

"Yupi, mwanangu?"

Besi alimmegea chakula chake bila kuinua macho.

"Chakula ni shida ndogo, dada," mdogo wangu alininong'oneza tulipotoka nje. "Kwenye ushirika mkate unanipita. Nimefungua mikono, unanipita."

"Umemwambia mkuu wa chuo?"

"Nilisimama mbele ya meza yake. Akafunga dirisha, akasema kuna baridi."

Siku ya kuwekewa mikono ikafika. Mama alivaa nguo mpya. Sikuwa nimemwambia kitu, ningeanzia wapi? Nilijipa moyo kwamba askofu si mpishi. Walipiga magoti mbele, mdogo wangu mwisho wa safu, baada ya Besi. Askofu akaweka mikono. Huyu. Yule. Besi. Kisha akarudi kitini.

Mdogo wangu alibaki ameinamisha kichwa. Anangoja.

Mama akasimama. "Baba Askofu, umemsahau mwanangu."

Wazee wa kanisa wawili wakaja, wakamshika viwiko taratibu. Mmoja akamnong'oneza, "Pole na msiba, mama."

Mdogo wangu akageuka. Akatuona. Akainuka, akapita katikati ya watu, wala hakuna aliyempisha. Nilimkimbilia. Nje palikuwa na jua na magari yaliyoegeshwa. Yeye hakuwapo.

Siku hizi Besi ni shemasi kwenye kanisa letu. Eti aliomba mwenyewe. Nilikuwa nimekwisha kumsimulia mama yote, lakini hakumtukana. Alimwambia tu, "Basi soma na ya kumrudisha." Besi alifunua kitabu chake cha sala mbele yetu, ukurasa kwa ukurasa, jasho likimtoka. Mna sala ya kuomba mvua humo, mna ya wasafiri, mna ya kushukuru mama akijifungua salama. Ya kumrudisha mtu mliyemzika mzima hamna. Nilicheka siku hiyo, kicheko kibaya, na sijatubu.

Mama bado huenda kanisani. Akipiga magoti kwa ajili ya ushirika, huacha nafasi upande wake wa kushoto. Besi akifika hapo na kikombe, huinamisha macho, akapita. Jumapili iliyopita, watu walipokwisha kurudi vitini, nilibaki nikaukagua ule mto mrefu wa kupigia magoti. Penye nafasi palikuwa na mabonyeo mawili. Nikaweka kiganja. Pana joto. Nilipokiondoa kilikuwa kimelowa. Nikakigusisha ulimini, kina chumvi.

Mama siku hiyo hakuwa amelia.