Chausiku Alikufa Mara Ngapi?

Mtazamaji mmoja kule Urambo alipolengwalengwa na machozi, kisomahisia kilichobandikwa juu ya luninga yake, kidude kisichozidi punje ya hindi, kilimpima macho na mapigo ya moyo, kikaona huyu hataki msiba. Papo hapo mtambo unaorusha tamthilia ukaigeuza hadithi. Chausiku, aliyekuwa anakata roho kitandani, akafumbua macho akaomba uji. Nyumba ya jirani mtazamaji mwingine alikuwa anapiga miayo, basi Chausiku huyohuyo akafa, akazikwa harakaharaka.

Hayo ndiyo yalikuwa maajabu ya msimu wa pili wa tamthilia ya Kisima cha Wakwe, na aliyeyabuni ni mhandisi Nyamizi, mzaliwa wa Tabora afanyaye kazi Dodoma. Msimu wa kwanza ulikuwa mmoja kwa wote, na ulitikisa nchi nzima. Watu waliacha mboga zikaungua jikoni. Huu wa pili kila mtu alishonewa wake kwa kipimo chake, na jamani, ukadoda! Kampuni yake haikuwaambia watazamaji siri hiyo, ikihofia utamu utapungua. Nyamizi alichanganyikiwa. Visomahisia vilionyesha kila mtu karidhika, lakini kila wiki watazamaji walizidi kupungua. Alikagua mtambo mpaka kichwa kikamuuma, asione kosa.

Akiwa katika hali hiyo, mama yake, Bi Kalunde, akampigia simu.

"Njoo unichukue, mwanangu. Unipeleke kwenye ile nyumba ya wazee waliopoteza kumbukumbu."

Nyamizi alipanda treni ya kwanza kwenda Tabora. Alimkuta mama kajitanda khanga sebuleni, begi lake limeshafungwa.

"Shikamoo, mama. Kumetokea nini?"

"Marahaba. Akili imeniruka, Nyamizi. Nilikuwa saluni, roboti linanisuka, tukaanza umbea wetu wa tamthilia kama zamani. Nikasema, maskini Chausiku, kafa na mimba yake. Loo! Kijana mmoja akasema kaolewa tena, mwingine akasema katorokea Mpanda. Wale vijana wakacheka, yakaisha. Mimi mwenye umri huu nikajijua. Kama naota mchana kweupe, kesho si nitaacha gesi wazi niunguze nyumba za watu?"

Nyamizi akakaa chini kwenye mkeka. Kumbe watu hawakuichukia hadithi. Walikuwa hawana wa kuizungumza naye.

"Mama, wewe ni mzima. Chausiku wako alikufa kweli. Wa wenzio kaolewa kweli. Ule mtambo unampa kila mtu hadithi yake, na mimi ndiye niliyeutengeneza."

Bi Kalunde alimkodolea macho. "Yaani umekaa, na elimu yako yote, ukaipikia kila nyumba uongo wake?"

"Nilitaka kila mtu afurahi."

"Nifurahi na nani? Na ukuta?"

Hata hivyo uso ulianza kumkunjuka. Alishusha pumzi, akamshukuru Mungu, akamtukana binti yake kidogo, kisha akafungua begi na kuanza kurudisha nguo kabatini. Nyamizi alimsaidia, aibu imemjaa, lakini moyo umetulia. Mama alikuwa haendi popote.

Ghafla Bi Kalunde akasimama, gauni mkononi.

"Na Mwamini je?"

"Mwamini yupi, mama?"

"Jirani yetu hapo nyuma. Naye alishikilia kwamba Chausiku kajifungua mapacha. Aliapa mbele ya wanawe, akalia, wakaona basi tena. Walimpeleka kwenye ile nyumba mwezi uliopita. Alikuwa hataki dawa, na mimi ndiye niliyembembeleza anywe." Bi Kalunde akakaa kitandani taratibu. "Juzi nilikwenda kumwona. Zile dawa zimemlegeza, Nyamizi. Aliniuliza mimi ni nani."