Kisigino cha Kushoto

Alikuja akirukaruka kwa mguu mmoja katikati ya kituo cha mabasi, raba ya kushoto mkononi, gauni lake la kazini la buluu limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama. Makuli walimpisha, abiria wakamgeukia. Hakuwajali. Alisimama mbele ya kibanda cha fundi viatu, kati ya dirisha la tiketi na choo cha kulipia, akaangalia saa ya ukutani kwanza, ndipo akamwangalia fundi.

"Soli imebanduka. Una kazi ya dakika tano?"

"Ninayo, dada. Lakini ya dakika tano itakurudisha hapa kesho."

"Kwani kuna ubaya gani nikirudi kesho?"

Fundi, ambaye kwa miaka sita hakuwahi kudondosha sindano, akadondosha sindano.

Dada akarudi kesho yake, na keshokutwa, na mtondo wakati soli ilikuwa imeshashika kama imezaliwa pale. Alikuwa karani mpya wa ofisi ya vifurushi, hatua hamsini tu kutoka kibandani. Kila alfajiri kabla ya kazi alikimbia mpaka daraja la reli na kurudi. Hata ndani ya ofisi hakutembea, alikimbia na vifurushi, ndiyo maana kituo kizima kikamwita Chapchap. Fundi peke yake ndiye alimwita mpenzi, tena kwa sauti ya chini, maana mkata tiketi wa jirani alikuwa na masikio marefu.

"Unakanyaga vibaya, mpenzi," alimwambia siku moja akiigeuza raba ile kwenye mwanga. "Tazama kisigino cha kushoto. Kimelika chote upande wa nje."

"Nakanyaga nilivyozaliwa. Wewe shona, acha kunisomea miguu."

"Ndiyo kazi yangu. Watu wanasema uongo kwa mdomo, viatu havisemi uongo."

Miezi minane ikapita hivyo, kwa chai ya kugawana na utani wa dirishani. Kisha ikaja habari kwamba klabu moja ya riadha ya jiji kubwa inatafuta wakimbiaji. Kungekuwa na mbio za mchujo hapo mjini. Wanane wa kwanza wangekwenda kukimbia nusu marathoni jijini, na watakaofanya vizuri huko wangepewa nafasi klabuni, pamoja na chumba na kazi. Chapchap aliileta habari hiyo mbio, uso unang'aa. Fundi akajibu sentensi moja tu ya kipumbavu:

"Ukienda huko, hutarudi."

Ulimi hauna mfupa. Aliona uso ule ukizimika, akajuta palepale, lakini hakujua kuomba radhi kwa maneno. Alijua gundi, ngozi na tupa. Kwa hiyo usiku wa kuamkia mchujo, raba zikiwa kwake kwa kubadilishwa kamba, alibandika kipande chembamba cha soli kwenye kisigino cha kushoto, akakisaga taratibu mpaka kiatu kikanyooka kiasi kwamba ungeweka kikombe cha maji juu yake na kisimwagike. Hakumwambia kitu. Alitaka afurahi mwenyewe akiwa njiani.

Kilomita ya sita goti la Chapchap likaanza kuwaka moto. Alimaliza wa nane, kwa meno. Jioni ile aliichunguza raba, akakikuta kipande, akaja nayo kibandani.

"Hiki ni nini?"

"Nilikusawazishia. Nilitaka ukimbie vizuri."

"Mimi nilikuomba?"

"Hapana, lakini..."

"Ulisema nikienda sitarudi. Ukaona dawa ni nisiende kabisa. Niambie ukweli, ni hivyo?"

Fundi akashika tupa, akaiweka, akaishika tena. Chapchap akaziacha raba mezani kwake, juu ya misumari, akaondoka akitembea. Ilikuwa mara ya kwanza kituo kumwona akitembea.

Alhamisi alisafiri na wenzake saba, na raba mpya alizopewa na klabu. Ijumaa alimpigia fundi simu, maneno machache tu. "Usinitafute. Jumapili nikimaliza mbio natia saini huku huku, vitu vyangu nitamtuma mtu avifuate."

Jumamosi fundi alibandua kile kipande, akakirudisha kisigino kilivyokuwa, kilivyolika vilevile. Aliwaza kitu kimoja tu: raba mpya zitamwumiza, na akiumia hatajua kamwe kwamba mimi sikukusudia. Akazifunga zile za zamani kwa gazeti, akafunga kibanda, akakata tiketi ya basi la usiku. Liliondoka saa kumi na mbili jioni, lifike saa kumi na moja alfajiri. Mbio zilianza saa moja asubuhi.

Kiti chake kilikuwa juu ya tairi na hakikulala. Dirisha halikufunga. Nyuma kulikuwa na bwana anayekoroma kabla hata basi halijatoka mjini, na pembeni ya fundi mama mmoja wa makamo, kitenge mabegani, kikapu magotini, anayekwenda kumwona mjukuu. Fundi aliitoa simu chaji ikiwa imebaki kidogo sana.

"Uko wapi, mbona kelele?" Chapchap aliuliza.

"Kwenye basi. Nakuja kukuangalia ukikimbia."

"Shuka."

"Mpenzi, basi halishushi porini."

"Basi mwambie dereva ageuze." Simu ikakatwa. Baada ya saa moja ikazima yenyewe.

Mama wa kikapu hakujifanya hakusikia. "Mkeo?"

"Bado, mama."

"Amekufukuza?"

"Kwa simu."

"Aa, wa kwa simu hajafukuza. Mimi mume wangu nilimfukuza kwa mwiko, na tuna miaka thelathini ya ndoa."

Fundi akacheka bila kutaka, kisha akamweleza yote, raba mapajani. Mama akasikiliza hadi mwisho. "Kosa lako si kisigino, mwanangu. Kosa lako ni kumtengeneza mtu bila kumuuliza." Akajifunika kitenge, akalala.

Saa nane usiku tairi likapasuka, lile lile lililokuwa chini ya fundi. Abiria walisimama kando ya barabara gizani, wakipiga miayo, huku dereva na kondakta wakihangaika na jeki inayoteleza. Fundi alishika tochi kwa saa mbili, mkono ukafa ganzi. Kila gari lililopita alilihesabu kama dakika. Jua likachomoza wakiwa bado mbali, ikafika saa moja, na mahali fulani bastola ya kuanzisha mbio ikapigwa bila yeye. Aliona aibu kulia mbele ya watu, akafuta macho na gazeti la raba.

Saa mbili asubuhi basi likaingia jijini, likasimamishwa. Askari wa barabarani alikuwa ameweka kamba.

"Njia imefungwa. Kuna mbio."

Basi zima likaguna, isipokuwa mtu mmoja. Fundi aliruka chini kabla mlango haujafunguka vizuri. Wanaume walikuwa wameshapita, sasa walikuja wanawake, watatu, kisha wawili, kisha nafasi tupu. Mama wa kikapu alishuka akasimama naye.

"Wako yupi?"

"Yule. Wa jezi ya njano."

Alikuwa anakuja, nywele zimebanwa nyuma, jasho likimeta shingoni, uso umekazwa. Lakini fundi hakuangalia uso. Aliangalia miguu, kama siku zote. Hakuchechemea. Raba mpya nyeupe zilimeta, na ile ya kushoto, kisigino chake, upande wa nje, kilikuwa kimekatwakatwa ovyo kana kwamba panya wamekula. Alikitazama mpaka akasahau kumwita. Mama akamsaidia.

"Chapchap!" Na madirisha yote ya basi, yaliyokuwa yamesimuliwa habari hii kati ya saa nane na saa kumi usiku, yakapokea. "Chapchap! Chapchap!"

Akageuka. Akaliona basi lenye vumbi, watu wenye nywele timtim, na mtu mmoja amekumbatia furushi la gazeti. Hakusimama. Akainua mkono, akatabasamu meno yote, akaongeza mwendo.

Fundi aliufuata ule mkono kilomita tano kwa miguu. Alimkuta kwenye majani nyuma ya uzio wa kumalizia mbio, blanketi begani, amemaliza wa tano.

"Umechelewa," Chapchap alisema.

"Tairi."

"Nimekupigia mara tisa. Nikadhani umeshuka kweli, umekufa huko porini na mimi ndiye niliyekuambia ushuke." Akajivutia blanketi. "Sikulala."

"Simu ilizima. Sikukusudia kukuumiza, wallahi."

"Najua. Nilipokukatia jana nilizitupa raba hizi mpya mezani kwa hasira, zikatua zimenyooka, sawasawa kabisa. Na goti lilikuwa linaniuma tangu Ijumaa, tangu nilipoanza kuzivaa. Nikajiuliza, na hizi nani amenichezea? Hazijaguswa na mtu. Ndipo nikaelewa. Hukuniharibia. Ulininyoosha tu, na mimi sinyooki." Akafuta pua na blanketi. "Nikaazima tupa kwa mlinzi, nikasaga mpaka saa sita."

Fundi aliuinua mguu wake, akatazama kile kisigino kwa huzuni ya kitaalamu. "Umesaga vibaya sana."

"Fundi wangu alikuwa kwenye basi."

Wakacheka, na usiku mzima ukawatoka mwilini. Fundi akaushusha mguu ule taratibu. "Nisamehe, mpenzi. Sitagusa kitu chako tena bila kukuuliza. Umeshatia saini?"

"Bado. Nilikuwa nakusubiri."

"Nenda katie saini. Nimetembea kutoka barabara kuu hadi hapa, watu elfu nzima wanakimbia, na sijaona kibanda cha fundi viatu hata kimoja. Changu nitakihamishia huku. Halafu nataka nije kwa mama yako."

"Kufanya nini? Viatu vyake vizima."

"Kuposa ule mguu unaokanyaga upande."

"Mmoja tu?"

"Wa pili ukija wenyewe, sitaukataa."

Chapchap alimpiga kofi la begani, akasimama, akaenda mezani kwa watu wa klabu pekupeku. Aliporudi, kalamu ya watu bado mkononi, fundi alikuwa amelala chali kwenye majani, mdomo wazi, baada ya saa ishirini na nne bila usingizi. Hakumwamsha. Alilichomoa furushi taratibu chini ya mkono wake, akafungua gazeti, akazivaa raba zake za zamani. Akasimama akakanyaga, upande, kama alivyozaliwa, na goti likanyamaza.